Kushoto, Twende!

"Kushoto, twende!" alisema Valence.

Odilia alikuwa amekaa kiti cha nyuma cha baiskeli yao ya watu wawili, mguu wa kulia ukiwa kwenye pedeli, akisubiri neno jingine kabisa. Valence akakanyaga huku, Odilia akakanyaga kule, baiskeli ikayumba kama mlevi wa ulanzi na nusura iwamwage wote wawili mbele ya geti la mama yake Odilia, pale Mjimwema, wakiwa na nguo zao za Jumapili.

"Vipi, mpenzi?" Valence alicheka huku akiweka mguu chini. "Yaani umesahau kuendesha? Hao watu wa Namasakata unakofundisha wamekuroga?"

Odilia hakucheka.

"Umesemaje?" aliuliza.

"Nimesema umesahau kuendesha."

"Kabla ya hapo."

"Si nimesema twende?" Valence aligeuza shingo, kisha akajipiga kofi la paji la uso. "Ah! Nimesema kushoto? Kichwa kimechoka, mchumba wangu. Hivi vikao vya kamati ya harusi vitaniua kabla ya harusi yenyewe. Haya, kulia. Kulia, twende!"

Wakaenda.

Baiskeli ya watu wawili ina adabu zake, na asiyezijua ataokota meno barabarani. Mbele anakaa mwenye usukani na breki. Nyuma anakaa mwenye imani, maana mbele haoni kitu isipokuwa mgongo wa mwenzake. Pedeli zimefungwa kwa minyororo zikawa kitu kimoja, kwa hiyo miguu ya wote wawili huzunguka pamoja, wapende wasipende. Ndiyo sababu lazima wakubaliane mguu wa kuanzia. Odilia aliumia goti la kushoto kwenye netiboli alipokuwa chuo cha ualimu, na tangu hapo goti hilo likawa halina nguvu ya kuanzisha safari. Tangu siku ile fundi Hironimus alipochomelea baiskeli mbili kuukuu zikawa moja ndefu, wao walianza kwa kulia. Mwaka mzima na ushee, Valence hakuwahi kusema neno jingine.

Mtu anaweza kuteleza ulimi, ni kweli. Lakini ulimi hautelezi kwenye neno usilolizoea. Na kama ni ulimi tu uliokosea, mbona pedeli nayo ilikosea? Valence alikuwa ameshaizungusha ya kushoto ikakaa juu, tayari kwa mtu wa kushoto.

Odilia alimjua mtu mmoja tu wa kushoto.

Brigita, mdogo wake wa tumbo moja, alizaliwa mashoto. Alipokuwa mdogo mama alimpiga vikofi mkono ule kila alipoutia kwenye ugali, mpaka akachoka, akamwacha alivyo. Brigita alipiga mpira kwa kushoto, aliruka dimbwi kwa kushoto, hata ngazi za kanisa alizipanda kwa kushoto. Odilia ndiye aliyemfundisha baiskeli ya kwanza, na alikumbuka alivyokuwa akimwambia, kwa upendo na kwa kuchoka, "Haya basi, kushoto, twende!"

Alijiambia hapana. Alijiambia shetani ana kazi nyingi wiki za harusi. Asubuhi ile ile tangazo lao la ndoa lilikuwa limesomwa kanisani kwa mara ya pili: Valence, mpima ardhi, mzaliwa wa Muleba, na Odilia binti wa marehemu Thadeo Komba, wa Mjimwema. Akina mama wa jumuiya walimgeukia wakatabasamu. Bado tangazo moja tu, kisha Jumamosi itakayofuata wangekwenda kanisani kwa baiskeli hii hii, imepambwa maua, gari la maharusi likiwafuata tupu nyuma. Mji mzima ulikuwa ukiisubiri siku hiyo.

Mama Lidwina peke yake ndiye hakuwahi kuipenda baiskeli ile. Valence alipoleta posa, mama alisema wazi mbele ya mjomba Bartolomeo. "Kwao hatukujui. Na mimi simtaki mwanamume anayependa kutazamwa. Leo anatazamwa na wewe, kesho atatafuta macho mengine." Odilia alipigana na mama yake mpaka akashinda. Mapenzi yakiingia kichwani, mama mzazi anaweza kugeuka kuwa jirani mbaya.

Walipita kijiwe cha bodaboda. Vijana wakapiga honi. "Wapendanao! Wapendanao!" Valence akainua mkono kuwapungia kama mbunge.

"Val," alisema Odilia, akiuambia mgongo.

"Naam, mpenzi."

"Baiskeli ilikuwa wapi muda wote niliokuwa shuleni?"

"Si stoo. Nilikwambia kwenye simu. Nimeifunika na turubai, inamsubiri mwenyewe."

"Haikutoka kabisa?"

"Itoke na nani? Mimi na mzimu?"

Akacheka. Odilia akautazama mgongo ule aliokuwa akiulalia shavu kila walipopata mteremko, na kwa mara ya kwanza akatamani uwe uso. Sauti peke yake ilikuwa nzuri mno. Sauti ya Valence ilikuwa nzuri siku zote, hata alipokuwa akisema uongo kwa mama mwenye nyumba wake, na Odilia alikuwa akicheka.

Waliiacha lami wakashika njia ya Mshangano, ambako mahindi yaliyokauka yalikuwa bado yamesimama mashambani na upepo wa Juni ulikuwa ukipenya mpaka ndani ya sweta. Pembeni, chini ya kibanda cha nyasi, mama mmoja alikuwa akichoma mihogo. Alipoiona baiskeli alisimama, akapunga mkono uliojaa majivu.

"Karibuni, wanangu! Leo mmechelewa, ile yenu nimeshai..."

Macho yake yakamfikia Odilia. Mdomo ukafungwa. Mama yule akainama haraka akaanza kupuliza moto ambao ulikuwa ukiwaka vizuri tu.

Valence aliongeza mwendo, na Odilia alizisikia pedeli zikiivuta miguu yake kwa nguvu.

"Yule mama anakufahamu?"

"Nani? Ah, huku napima viwanja, wananifahamu wengi."

"Amesema 'wanangu'."

"Ndivyo wanavyosema wamama, Odi. Jamani, leo una nini wewe?"

"Amesema 'yenu'."

Mbele yao kilima cha Mshangano kilikuwa kimeanza, kile ambacho lazima wote wawili wakanyage kwa moyo mmoja, vinginevyo hakipandiki. Odilia akaiondoa miguu yake kwenye pedeli, akaiacha ikining'inia. Baiskeli ile ya chuma ilikuwa nzito kuliko dhambi. Valence akakanyaga peke yake, shati likaanza kushikana na mgongo, pumzi zikatoka kwa kelele.

"Kanyaga, mpenzi!"

"Brigita anakanyaga vizuri kuliko mimi?"

Baiskeli ikasimama katikati ya kilima. Valence aliweka miguu chini, akabaki ameshika breki, hajageuka.

"Nani kakwambia?"

Ewe msomaji, hilo si jibu la mtu asiye na hatia. Mwenye haki angeuliza, "Brigita gani?" Odilia alishuka, akazunguka mbele, akasimama mahali ambapo angeweza kumwona usoni. Ulikuwa uso ule ule uliomfanya asilale usingizi kule Namasakata, wenye kovu dogo juu ya nyusi, na sasa ulikuwa ukitafuta pa kukimbilia.

"Wewe mwenyewe umeniambia, pale getini," alisema Odilia.

"Sikiliza, Odi. Sikiliza kwanza usikasirike. Baiskeli ikikaa inashika kutu. Brigita alikuja kuchukua vipimo vya suti kwa ajili ya kamati, akasema, shemeji, na mimi nizungushe kidogo. Ni baiskeli tu! Ni shemeji yangu yule."

"Hii baiskeli hata mtu mmoja anaweza kuiendesha akikaa mbele. Hironimus alituonyesha."

"Mtu mmoja haipendezi. Watu wanakucheka, kiti cha nyuma kitupu, kama umekimbiwa." Aliposema hivyo alijisikia mwenyewe, akainamisha macho.

Odilia alimsikia mama yake, kana kwamba amesimama hapo kilimani na kanga yake begani. *Atatafuta macho mengine.* Aibu ikampanda usoni kabla ya hasira.

"Mlikuwa mnakuja huku ili Mjimwema wasiwaone."

"Hapana, ni... njia hii ni nzuri."

"Njia hii nilikuonyesha mimi."

"Odi, nisamehe. Nilikuwa mpweke. Wewe uko Namasakata, mtandao unakuja na kutoka, mimi hapa mgeni, sina ndugu. Nitamwacha. Nakuapia Mungu mmoja, leo leo nitamwacha."

Upepo ulivuma, majani makavu ya mahindi yakakwaruzana. Odilia aliisikia ile kauli ikimwingia polepole, kama dawa chungu.

"Utamwacha," alirudia. "Si ulisema ni baiskeli tu? Baiskeli inaachwaje kama mtu?"

Huyu ndiye ambaye kwa ajili yake Odilia alimpiga mama yake ngumi za maneno. Huyu ndiye aliyemwandikia ujumbe kila alfajiri, *umeamkaje malkia wangu*, na pengine baada ya kuutuma alikwenda kuondoa turubai. Alimpenda. Hata pale, akiwa amesimama mbele yake kama mwizi wa kuku, alimpenda, na jambo hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Ulimwambia nini kuhusu mimi?" aliuliza.

"Sikumwambia chochote kibaya."

"Hilo ndilo baya."

Akageuka, akaanza kushuka kilima kwa miguu, viatu vya Jumapili vikijaa vumbi.

"Odilia! Kadi zimeshagawiwa! Wazee wangu wameshakata tiketi za basi Bukoba! Odi, tutawaambia watu nini?"

Hakuuliza "mimi nitaishije bila wewe." Aliuliza kuhusu watu. Odilia hakugeuka. Alipopita kwenye kibanda, yule mama wa mihogo alinyanyuka akamtazama kwa huruma, akasema, "Pole, mwanangu," kwa sauti ndogo, naye Odilia akaitikia, "Asante, mama. Shikamoo," kwa sababu alilelewa hivyo.

Alichukua bodaboda barabarani. Kijana alimtambua. "Dada, leo baiskeli mmeiacha wapi?"

*

Brigita alikuwa chumbani kwao, chumba ambacho walilala kitanda kimoja mpaka Odilia alipokwenda chuo. Alikuwa amekaa chini akishona shanga kwenye shela ya dada yake, sindano mkono wa kushoto. Alipoinua uso akamwona Odilia mlangoni, amejaa vumbi mpaka magotini, sindano ikasimama hewani.

Brigita akaiweka shela pembeni, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Amekwambia," alisema.

"Amesema ni baiskeli tu."

Machozi yalianza kumtoka Brigita. "Kwangu haikuwa baiskeli tu, dada."

Odilia alikuwa amejiandaa kwa uongo. Njia nzima kwenye bodaboda alikuwa akijiandaa kuukamata na kuutupa. Ukweli ulimkuta mikono mitupu.

"Unampenda?"

"Nampenda. Nimefunga, nimesali novena, nimejiapiza. Nilimkataa, akasema mapenzi yenu yameshapoa, kwamba wewe unaogopa tu aibu ya kuvunja. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini." Alijifuta kwa kiganja. "Nilitaka nikwambie kabla ya tangazo la kwanza. Nakuapia, dada."

"Na tangazo la kwanza likasomwa."

"Likasomwa."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye kwaya."

"Na leo?"

"Kwenye kwaya."

"Padri aliposema mwenye kujua kizuizi aseme. Ulifanya nini, Brigita?"

Brigita aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Tuliimba," alisema.

Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, na watu husema methali hiyo wakicheka, wakiwazungumzia majirani. Odilia aliitazama sura ile, pua ile ile ya marehemu baba yao. Mkono ulimnyanyuka wenyewe. Haukupiga. Uliichukua ile shela kutoka sakafuni, ukaikunja, ukaiweka mapajani mwa Brigita.

"Malizia kushona," alisema. "Mimi siivai."

"Dada, simtaki tena! Sitamchukua!"

"Hilo ni lako na Mungu wako. Kesho asubuhi nakwenda parokiani, tangazo la tatu halitasomwa. Mjomba atapiga simu Bukoba. Lakini usiniite dada leo. Niache leo tu, usiniite."

Alitoka.

Mama Lidwina alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Vidole vyake vilikuwa vikienda vyenyewe, punje zikidondoka kwenye ungo, na hakuinua macho Odilia alipotokea. Kutoinua macho kule ndiko kulikomshtua. Mama yake alikuwa mtu wa kuuliza. Mtoto akirudi amechelewa, anauliza. Akirudi mapema, anauliza. Na leo binti ametoka na mchumba kwa baiskeli akarudi peke yake kwa bodaboda, na mama anapukuchua mahindi.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Ulijua?"

Punje zikaacha kudondoka.

"Nilijua," alisema mama.

Odilia alikaa chini kwenye mkeka. "Tangu lini?"

"Tangu palizi. Nilikwenda Mshangano kwenye shamba letu, nikawaona wakipita. Brigita alikuwa ameweka shavu mgongoni mwake." Mama alilitupa gunzi. "Nilimchapa, mkubwa vile. Akalia, akasema ameacha. Sikumwamini."

"Na mimi ulikuwa unanipigia simu kila Jumapili. Unaniuliza nimekula nini. Unaniuliza mvua imenyesha Namasakata." Sauti ilianza kumpasuka. "Watu wa Mshangano wanajua. Muuza mihogo anajua. Mdogo wangu anaimba, mama yangu umekaa benchi la mbele na rozari mkononi, padri anauliza, na wewe umenyamaza! Wewe, mama! Wewe ambaye hukuwahi kunyamaza!"

"Uliniapisha."

"Nini?"

"Siku ya posa, wageni walipoondoka. Ulinishika mkono ukanipeleka kaburini kwa baba yako, pale nyuma ya migomba. Ukasema, mama, apa hapa. Ukisema neno lingine moja baya juu ya Valence, huna mtoto anayeitwa Odilia. Nikaapa." Mama alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu, na Odilia akatambua hayakuwa mekundu kwa ajili ya leo tu. "Nimeshamzika mume, mwanangu. Sikuwa tayari kukupoteza na wewe."

Odilia alikumbuka. Alikumbuka alivyokuwa amevimba kwa furaha na hasira siku ile, alivyoona kaburi la baba yake ni shahidi mzuri wa mapenzi yake, na alivyolala usingizi mtamu usiku ule kwa kuwa amemshinda mama yake. Kama angepata mtu mwingine wa kumlaumu, angeshukuru. Lakini kila alikogeuka alikuta alama ya mkono wake mwenyewe.

"Sasa nakufungua," alisema. Machozi yalikuwa yakimiminika bila kufutwa. "Nimekufungua kiapo, mama. Sema. Sema ulinionya. Sema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimevunjika, mama, sema basi!"

Mama Lidwina alitikisa kichwa. Aliusogeza ungo, akasogea yeye mwenyewe kwenye mkeka mpaka bega lake likakutana na bega la binti yake. Ndani, Brigita alikuwa akilia na mlango wazi. Wote wawili walimsikia na hakuna aliyenyanyuka.

"Ungekivunja tu," alisema Odilia baadaye. "Kiapo. Ningekuchukia, lakini ungekivunja."

"Nilijua utanichukia. Nikaogopa."

"Kwa hiyo nilililia wembe, mama, nawe ukanipa."

"Nilikupa," alisema mama yake. "Na kila siku nikawa naomba uwe butu."